Tope la Chini ya Ziwa

Miaka ya sabini nilitoka Kasulu, kwenye baridi na migomba, nikashuka Kigoma kufanya kazi katika meli ndogo ya kupima kina cha ziwa. Nilidhani nitapata upepo mzuri. Nilipata uvundo.

Chini ya meli kulikuwa na chombo kilichopiga sauti majini: tik, tik, tik. Sauti ilishuka hadi sakafu ya ziwa, ikagonga, ikarudi. Ikichelewa kurudi, ujue kina ni kirefu. Katika chumba cha mtambo, sindano iliunguza alama ya kila mwangwi kwenye karatasi iliyokuwa ikijiviringa, na karatasi hiyo ilinuka kama nywele zinazoungua. Changanya na moshi wa dizeli na matapishi yangu mwenyewe ndani ya ndoo, maana sisi watu wa milimani ziwa hatulizoei upesi. Dirisha halikuwepo.

Mkuu wetu, mpimaji aliyesomea ng'ambo, alikula humo humo. Dagaa wa mawese kwa mkono, kisha kidole kile kile kinafuata mstari karatasini.

"Ona, ndugu, hapa pana bonde," alisema, na bonde likabaki na doa la mafuta. Mimi ndiye niliyefuta.

Siku moja mwangwi ulirudi hafifu, mstari ukavimba na kufifia. Mkuu akasema chini kuna tope laini, akataka tuhakikishe. Tukateremsha bomba zito la chuma kwa winchi. Lilipopanda na kufunguliwa, likamwagika tope jeusi lenye harufu ya mayai viza, kali hadi machozi yakanitoka. Mpishi alikimbia na sufuria yake.

Mkuu alichota kidogo kwa ukucha, akaliweka kwenye meno ya mbele, akatafuna taratibu.

"Halina mchanga," alisema, meno meusi. "Haya, na wewe, ndugu. Mchanga mwembamba jicho halioni, meno yanausikia."

"Mzee, hiki si kinyesi cha ziwa?"

"Ni kazi. Tafuna."

Nilitafuna. Lilikuwa baridi, linateleza kama kamasi la mtu mwingine. Nilitema, nikasugua ulimi kwa shati hadi ukachubuka. Ladha ilibaki.

Nilipopanda nyumbani likizo, mama alikuwa ameagiza migebuka kutoka ziwani kwa ajili yangu, akaiunga kwa mawese. Nilijua samaki hao hukaa juu, hawafiki kwenye lile tope. Tumbo halikujua. Alipofunua chungu nilitoka mbio nikatapika kwenye mahindi.

"Siku hizi wanaume nao wanabeba mimba?" mama aliuliza kwa hasira.

Nikamweleza yote. Aliutazama mdomo wangu kana kwamba tope bado limo. Kisha akachukua kikombe nilichonywea, akakisugua kwa majivu, akakirudia tena. Migebuka alipewa jirani. Mimi nililetewa maharage, kwenye sahani ya peke yangu.