Aliyekataa Kuonja

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilinikuta mwenyewe, mchana, na kama unataka kucheka cheka sasa hivi umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa.

Mimi ni fundi wa masweta ya shule hapa Njombe. Mwaka ule moyo wangu ulizima. Naamka, nakaa kitandani, nyuzi ziko pale mezani, na kunyoosha mkono kuzichukua siwezi. Watu wakataka sababu. Nani kafa? Hakuna aliyekufa! Mume kakuacha? Hajaniacha! Walipochoka kuuliza wakasema ni uvivu. Hospitali ndiko walikoupa ugonjwa jina, sonona, wakanipa vidonge.

Nesi alinieleza vizuri, sitamsingizia. Alisema wiki za mwanzo mwili unaweza kugoma kabla moyo haujapata nafuu, nisiache ghafla, nikizidiwa nirudi, na pombe nisiguse.

"Hata ulanzi? Ule mtamu wa asubuhi?"

"Hata huo, mama."

Jamani, mwili uligoma! Mdomo ulikauka kama nimelamba unga. Mikono ikatetemeka, sweta la mtoto wa darasa la kwanza nikalifuma na kulifumua mpaka nikalia. Harufu ya mafuta ya kukaangia ikinifikia tu, natapika. Natoka jasho mwezi wa saba, Njombe, wenzangu wamejifunga mablanketi! Usingizi nao ukagoma. Hayo yote nilikuwa nayabeba. Midomo ya watu ndiyo iliyonishinda. Jirani anasema hivyo ni vidonge vya vichaa. Mama mmoja wa kwaya anasema ningekuwa na imani nisingevihitaji. Na mama mkwe wangu, ambaye tunaishi nyumba moja, kila asubuhi nikishika kidonge anaguna. "Utavizoea hivyo, mwanangu, hutaweza kuviacha. Vitupe." Kila asubuhi!

Siku hiyo nilikwenda Makambako kununua nyuzi. Kichwa kinazunguka, malori yanapiga honi pale njia panda, na muuza nyuzi akaitazama mikono yangu, akaniuliza kama nimelewa. Nimelewa! Mimi niliyekatazwa hata ulanzi! Nikarudi hasira imenijaa mpaka kooni. Niliposhuka basi barabarani nikashika njia ya nyumbani, ile inayopita katikati ya msitu wa mipaina. Ukungu ulikuwa umeshuka, unaona miguu yako tu. Nilishaamua kwamba nikifika nyumbani vidonge vyote naviingiza chooni.

Hatua mbili mbele yangu nikaona mwanamke amekaa kwenye gogo. Mtu mzima, kitenge kimefifia, hana sweta. Baridi ile, hana sweta! Ameshika kikombe cha mwanzi kimejaa ulanzi, povu limetuna juu.

"Kamwene," akanisalimia kwa Kibena.

"Kamwene," nikaitikia.

"Vitupe hapa hapa. Vya nini kufika navyo nyumbani?"

Niamini, sikuwa nimemwambia kitu. Vidonge vilikuwa ndani ya mkoba, chini ya nyuzi.

"Kunywa hiki," akasema, akaninyooshea kikombe. "Utalala mpaka uchoke. Mdomo hautakukauka tena."

Nani alimpa habari za mdomo wangu? Ilikuwa nikimbie. Lakini wewe kaa siku nyingi bila kulala, halafu mtu akutajie usingizi, tuone kama utakimbia. Nikatoa vidonge kwenye mkoba, nikavishika mkono wa kushoto. Wa kulia nikaunyoosha kupokea.

Kilichoniokoa ni mazoea tu, wala sijisifu. Kwetu anayekukaribisha pombe huonja yeye kwanza, ujue haina sumu. Hata ndugu yako wa damu huonja. Huyu alininyooshea moja kwa moja.

"Onja wewe kwanza," nikamwambia.

"Sisi hatuonji."

Sisi nani? Pale kwenye gogo alikuwa peke yake. Hapo ndipo nikamtazama vizuri. Kila nikipumua, moshi wa baridi unatoka mdomoni mwangu. Mdomoni mwake hautoki.

Unadhani niliogopa? Niliogopa baadaye. Pale nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani.

"Hamuonji!" nikapiga kelele. "Jirani haonji, wa kwaya haonji, mama mkwe haonji, na wewe huonji! Kila mtu ana la kunimiminia mdomoni na hakuna aliyeonja! Umekesha hata usiku wangu mmoja, wewe? Onja!"

Nikampokonya kile kikombe, nikamwaga ulanzi chini. Nilipoinua macho gogo lilikuwa tupu. Kikombe kimebaki mkononi mwangu, kikavu, ndani kina utando wa buibui.

Nikakimbia nacho mpaka nyumbani. Nikakibwaga mezani mbele ya mama mkwe. Nilitaka kumgombeza, lakini yeye alikigeuza, akaona alama ya msalaba iliyochomwa kwa moto kitakoni, akakaa chini pale pale sakafuni.

"Hiki cha Yudita," akasema. "Umekitoa wapi?"

Yudita alikuwa mdogo wake, alifariki kabla sijaolewa. Aliugua huzuni kama yangu. Akapewa vidonge, akalalamika mdomo unakauka, hapati usingizi.

"Mimi ndiye niliyemwambia avitupe," mama mkwe akasema. "Nikampa ulanzi ili alale."

Haukupita muda Yudita akachukua kikombe chake akaingia kwenye mipaina, ukungu umeshuka. Hakurudi akiwa hai.

Utasema ni vidonge vilivyonionyesha hayo. Nesi naye alisema inawezekana, maana kesho yake nilikwenda nikamweleza yote bila kuficha. Daktari akapunguza dozi, akawa ananipandishia taratibu. Mikono ikatulia. Usingizi ukarudi kidogo kidogo, na moyo nao. Mdomo bado unakauka, natembea na chupa ya maji. Lakini kikombe kipo kabatini. Mama mkwe amekishika, mume wangu amekishika. Na wao wanameza vidonge vyangu?

Mama mkwe hajaniomba radhi mpaka leo, na mimi sijasamehe yote, nasema ukweli. Ila kila asubuhi ananiletea maji ya kumezea kidonge. Anasimama mbele yangu, anapiga funda moja yeye kwanza, halafu ananipa.

Basi wewe mwenye ushauri mwingi kwa wagonjwa wa watu, koma. Na wewe unayemeza vidonge kama vyangu, vikikutesa rudi kwa aliyekupa, mwambie kila kitu, hata unaloona aibu kulisema. Usiamue peke yako njiani. Na siku ukipita kwenye ile mipaina, ukungu umeshuka, ukasikia "kamwene", itikia, adabu ni adabu. Kikombe usipokee.