Kanda ya Kijani na Betri za Salale

Enzi zetu mwaka haukuisha Desemba. Uliisha mpunga ukishavunwa, ukapurwa, ukaingia ndani, na watoto tumekwisha kula pepeta, ule mpunga mbichi wa kukaanga na kutwanga, mpaka mataya yamechoka. Hapo ndipo sisi wa Mtawanya tulipokaa kitako kuamua kanda ya mwaka. Hatukusema albamu. Albamu kwetu ilikuwa ya picha za harusi. Na kanda zenyewe nyingi zilikuwa za kunakili, hazina hata karatasi yenye jina, kwa hiyo tuliziita kwa rangi na vilema vyake: kanda nyeusi, kanda ya maziwa, kanda iliyovunjika pembe. Halafu ilikuwepo kanda ya kijani, ambayo ndiyo imeniharibia kazi leo tangu asubuhi.

Imeniharibia kwelikweli. Mimi ni fundi cherehani hapa Kibiti, mtu wa mwaka wa ishirini na kitu kwenye kazi hii, na leo nimeshona mkono wa kulia wa gauni la watu kwenye bega la kushoto. Nimefumua, nimeshona, nimeurudisha palepale. Nakaa, nasimama, natoka nje kutazama mvua ambayo hainyeshi, narudi. Simu iko kando ya mkasi, na kila ikilia roho inaruka.

Tuliosoma pamoja shule ya msingi tuna grupu kwenye simu. Kiongozi wake ni Athumani, ambaye tangu utotoni mdomo wake hauna kifuniko. Jana ametangaza kuwa mwaka unaisha, kila mtu ataje albamu yake ya mwaka na aseme kwa nini, na orodha inafungwa leo Magharibi. Basi watu wazima wenye wajukuu wamekesha wakitupiana majina ya wasanii ambao hata kuyatamka hawawezi. Mmoja kaleta albamu kumi. Kumi, na mimi namjua, hajawahi kumaliza kusikiliza hata hotuba ya Ijumaa.

Ningecheka na wenzangu, lakini Athumani huyohuyo alikuwa amemwongeza kwenye grupu dada yangu Somoe, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Salale. Asubuhi akamwandikia mbele ya wote: "Dada Somoe wa Salale, na wewe kanda yako ni ipi? Ila tafadhali usituimbie." Akaweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Watu kumi na wawili wakacheka naye. Somoe amesoma, alama inaonyesha amesoma, na hajajibu. Namjua. Akitoka humu leo harudi tena, na safari hii sitakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yangu, maana hata safari ya kwanza kosa lilikuwa langu.

Ngoja nieleze, maana wengi mliokuwepo siku ile Mtawanya mlicheka bila kujua.

Kila likizo mama alinipeleka Salale kwa dada yake kusaidia kuamia ndege. Tunafika Nyamisati, tunaingia botini, tunapita katikati ya mikoko mpaka makalio yanakufa ganzi, na mama mkubwa anatupokea na wali wa nazi na kamba waliokaangwa wakapauka kwa chumvi. Kesho yake alfajiri tupo shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, mimi na Somoe, na kazi ni moja: kupiga debe na kupiga kelele ili kwelea kwelea wasimalize mpunga. Somoe alinizidi miezi mitano, na kwa miezi hiyo mitano alinidai heshima kama mama mkwe. "Mwanaidi, mimi dada yako. Teremka ukalete maji." Nateremka. Akiimba, lakini, nilikuwa tayari kuteremka hata mara saba. Alikuwa na sauti nzito, iliyotulia, ambayo mtoto wa miaka kumi na mmoja hakupaswa kuwa nayo. Nilimwonea wivu, nasema ukweli.

Mwaka huo mama mkubwa alikuwa na redio kaseti ndogo na kanda moja tu, ya kijani, ya taarabu. Betri ndizo zilikuwa shida. Duka la karibu lilikuwa safari ya boti, kwa hiyo betri zilitumika mpaka zikaomba radhi. Zikichoka tulizianika juani pamoja na kamba. Zikichoka zaidi tuliziuma kwa meno. Mama mkubwa alituonya kila siku: "Mtameza hiyo sumu, mfe, na mpunga uliwe." Hatukufa, na kanda ilizunguka, ila ilizunguka kwa kujivuta. Mwimbaji wetu alikuwa mwanamume mmoja mzee, mwenye huzuni, anayeimba kila neno kama mtu anayetoa mwiba mguuni:

Nakupa ya mtungini, wewe wataka kisima.

Tulimpenda mzee yule. Tulibishana hata huzuni yake imetoka wapi. Somoe alisema kafiwa na mke, mimi nikasema kaachwa. Tuliushika upande mzima wa kwanza, nyimbo nne kwa mpangilio wake, na sehemu zinapopigwa fidla peke yake tuliziimba kwa pua. Dunguni juu, sauti mbili, ndege wanatusikiliza huku wanakula.

Likizo ikaisha, nikarudi Mtawanya. Siku ya pili tu nikapita uani kwa Mjomba Mkumba, kaka yake mama, mwenye redio kubwa ya spika mbili na betri mpya sita. Nikasikia kanda yetu, naye alikuwa na nakala yake. Nilisimama pale na ndoo kichwani. Yule mzee alikuwa mwanamke. Tena mwanamke kijana, mchangamfu, anaimba kwa kasi na kejeli, na wimbo wala haukuwa wa msiba, ulikuwa wa kumsuta mtu. Watoto wote wa Mtawanya walikuwa wanauimba hivyo, wanakata na viuno. Nilijifunza upya kwa siku tatu, kimyakimya, na sikumwambia mtu kwamba nilikuwa naujua kwa namna nyingine. Mnakumbuka sisi wa barabarani tulivyowaita watu wa Delta, kule Salale na mikokoni. Mtu akionekana mshamba tulimwambia, "Wewe boti imekushusha lini?" Mimi nusu ya damu yangu imeshuka kwenye boti hiyo, na nilikuwa naificha.

Mavuno yakaisha, Somoe akaja kwetu na kikapu cha kamba wakavu. Alikaa siku tatu kabla ya mashindano ya kanda ya mwaka. Siku tatu tulilala kitanda kimoja, tulichota maji pamoja, tulisukana nywele. Akaniambia, "Mwaka huu naitetea kanda ya kijani. Nitawatoa machozi hawa wenzako." Nilikuwa na nafasi ya kumwambia mara mia. Nikamwambia, "Haya, dada." Mpaka leo sijui kwa nini, na nimejiuliza sana. Nadhani nilitaka, hata mara moja, yeye ndiye ateremke.

Mashindano yenyewe mnayakumbuka. Alasiri, uani kwa Mjomba, mikeka mitatu, sinia la mihogo ya kuchemsha. Anayetetea kanda anaimba upande mzima wa kwanza kwa kichwa, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Ukiruka ubeti, sote kwa sauti moja: "Karuka, katoka." Na ukitoka umetoka, hakuna kurudia. Mjomba alikuwa na neno lake: "Kanda haina njia ya mkato." Ndiyo maana mpaka leo wimbo wa zamani ukiisha redioni, kichwani mwangu unaanza uliofuata, halafu mtangazaji anaingiza tangazo la sabuni na mimi nanuna mpaka jioni.

Somoe akasimama. Akafumba macho. Akaanza kwa ile sauti nzito, polepole, vilevile kama dunguni, kila neno na mwiba wake. Kwa pumzi chache watu walinyamaza, na nilidhani labda Mungu ataninusuru. Kisha Athumani akasema, "Mjomba, kanda hii ina homa." Uwanja mzima ukalipuka. Watu waligaragara kwenye mikeka. Mjomba, ambaye hakuwa mbaya, akasema basi tusikilize yenyewe tuone, akabonyeza, na yule mwanamke akatoka kwenye spika mbio mbio.

Somoe alisikiliza akiwa amekunja uso. Akasema, "Hiyo siyo yenyewe. Hiyo imekimbizwa."

Kicheko kikazidi. Akanigeukia mimi. "Mwanaidi, waambie. Si hivi tunavyoimba?"

Nikasema, "Mimi wimbo huo siujui."

Hakulia. Alinitazama tu, akajifunga kanga vizuri, akaenda ndani. Kesho yake akarudi Salale kabla ya siku yake. Bibi, aliyekuwa na masikio hata asipokuwepo, akaniambia nikimmenyea muhogo, "Kikulacho ki nguoni mwako, mjukuu wangu. Na safari hii wewe ndiye kunguni." Hakurudia.

Tangu siku hiyo Somoe hakuimba tena. Siyo maneno ya kupamba hadithi. Kwenye harusi yangu mama mkubwa alimsihi, akasema koo linamuuma. Tunasalimiana, tunazikana, tunaleteana kamba na mchele. Ila mtu aliyekuwa akiimba mpaka ndege wanasahau kula amekaa kimya miaka yote hii, na mimi nimekaa na siri hiyo kama pini iliyosahaulika kwenye pindo, natembea nayo na inanichoma nikikaa vibaya.

Sasa sikilizeni kilichonitoa kitini leo. Binti yangu Rehema yuko likizo, ananisaidia kutia vifungo, na simu yake inapiga muziki. Hawa watoto hawasikilizi albamu, wanaionja, kama mtu anayepita sokoni anakula embe za watu bila kununua. Sekunde kumi, anaruka. Sekunde kumi, anaruka. Uani kwa Mjomba wangekuwa wametoka wote kabla mihogo haijapoa. Nilikuwa nakaribia kumgombeza, mara ukaingia wimbo ninaoujua, wa msichana mmoja wa siku hizi, lakini sauti ilikuwa ya mwanamume mzito, anajivuta, ana huzuni ya kufiwa. Nikamuuliza, "Rehema, simu yako betri inaisha?"

Akacheka. "Hapana mama. Huu umepunguzwa kasi. Ndiyo tunavyoupenda, unaingia zaidi. Albamu yangu ya mwaka ndiyo hii, yote imepunguzwa."

Makusudi. Watu wanakaa, wana umeme, wana kila kitu, wanazipunguza nyimbo kasi makusudi kwa sababu zinaingia zaidi. Sisi tuliita betri zimekwisha, tukamcheka aliyesikia uzuri wake kabla ya dunia nzima. Niliweka mkasi chini. Sijui ilikuwa hasira au aibu, nadhani aibu.

Toka hapo nimeandika na kufuta. Nimeandika "Athumani, acha utoto," nikafuta. Nimeandika "Dada Somoe, pole," nikafuta, maana pole ni ya mtu aliyejikwaa, siyo ya mtu uliyemsukuma. Nilifikiria kumpigia yeye peke yake, lakini nilimkana mbele za watu, na kumwomba radhi uchochoroni kungekuwa kumkana mara ya pili. Jua likashuka. Kwenye grupu watu wameshaanza kupigia kura orodha zao. Jina la Somoe bado lipo, kimya.

Basi nikabonyeza kile kipaza sauti cha kurekodi ujumbe kwenye grupu, hapahapa mbele ya cherehani, Rehema ananitumbulia macho.

Nikasema, "Dada Somoe, na nyinyi wote mliokuwepo kwa Mjomba Mkumba. Siku ile nilisema wimbo siujui. Nilikuwa naujua, na niliujua kama yeye, tulijifunza pamoja juu ya dungu. Nilijua atachekwa na nikamwacha. Albamu yangu ya mwaka, huu na ule, ni kanda ya kijani kwa betri za Salale." Halafu, kabla woga haujanirudia, nikaimba. Polepole. Sauti yangu ni ya kuitia kuku, lakini niliishusha mpaka ilipofika chini, nikamtafuta yule mzee wetu, nikampa kila neno mwiba wake. Nyimbo zote nne, na fidla kwa pua.

Athumani akawa anaandika, akaacha, akaandika, akaacha. Rehema akasema taratibu, "Mama, kumbe." Niliokota lile gauni, nikaanza kufumua mkono kwa mara ya pili.

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti, wa Somoe. Kwanza nilisikia kuku wa kwake, na mtu anakohoa. Kisha ile sauti nzito, sasa imezeeka, imezidi uzito.

"Karuka, katoka," akasema. "Wimbo wa tatu umeacha ubeti wa pili, Mwanaidi. Mimi dada yako. Rudia. Na usikimbize."

Enzi zetu ukiruka ulitoka, hakuna aliyekuambia urudie. Nimeweka gauni la watu chini, nimemwambia Rehema azime simu yake, nimeanza upya toka wimbo wa kwanza.