Jembe la Mwalimu Sanga

Usiku ule wa kuamkia maziko, nililala nikiwa nimemwahidi Mama Tumaini, mjane wa Mwalimu Sanga aliyenifundisha shuleni, kwamba asubuhi nitasimama mbele ya waombolezaji na kusema kuwa mumewe alitubu kabla ya kufa.

"Neno moja tu, mwanangu," alininong'oneza jikoni. "Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Nani atakwenda kumuuliza?"

Bila neno hilo, mzee wa kanisa alikwisha kusema, hakuna sala wala wimbo. Mwalimu angefukiwa tu, kama mtu asiye na kwao. Hakuamini Mungu, wala hakulificha hilo. Lakini kila ulipotokea msiba kijijini kwetu, wa Wakristo au wa Waislamu, yeye ndiye aliyetangulia kufika kuchimba kaburi. Sala ilipoanza alijitenga pembeni, akikwangua udongo wa jembe lake kwa kijiti.

Usingizi ukanichukua. Nikajikuta darasani, kwenye dawati langu la zamani, na mvua inanyesha ndani. Mwalimu anaandika ubaoni, amenipa mgongo. Nakaza macho nisome, lakini ubao ni ukuta wa udongo mwekundu, na chaki ni jembe. Tumo kaburini, yeye na mimi, nalo linazidi kwenda chini.

"Shika," ananiambia. "Chuo kimekulainisha viganja."

Nachimba. Juu yetu watu wamejipanga ukingoni, nyuso hazionekani. Wananisubiri niseme.

"Mwalimu," nasema, "mimi naamini. Nimefundishwa kwamba wema una chanzo, nawe ulikikana. Kama hapakuwa na Mungu wa kukuona, ulikuwa unamchimbia nani?"

Haachi kuchimba. "Mfiwa alikuwa ananitazama."

"Hilo likatosha?"

"Jembe nilikuwa nalo. Ningemwambia nini?"

Kisha anageuka. Uso wake ni ule wa siku za kurudisha mitihani. "Wewe unayemwamini Mungu, kesho utasema uongo mbele yake, ili mimi nionekane mwema?"

Udongo unaanza kurudi, unanifika magotini, unanifika kiunoni. Ananinyooshea mpini.

"Sema nilichofanya. Nisichoamini, niachie mwenyewe."

Niliamka viganja vikiniuma. Nje ukungu ulikuwa umeziba njia. Nilimkuta Mama Tumaini akipuliza moto, nikamwambia kwamba ahadi ile siiwezi, na kwa nini. Aliacha kupuliza, moto ukazimika.

"Basi hawatamwimbia," alisema. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Jembe lake liko nyuma ya mlango. Lichukue, utangulie makaburini."

Msomaji wangu, mimi bado naamini kwamba wema wake ulitoka kwa Mungu, ingawa yeye angenicheka. Hatukuumaliza ubishi huo. Nakuomba jambo moja tu: ukisikia kilio kwa jirani asiyesali, usiulize aliamini nini. Chukua jembe, uende.