Mrija Wenye Tundu Moja

Watu wote waliokuwa katika chumba cha mtihani siku ile majina yao ninayo kichwani, mpaka la mama aliyeuza chai mlangoni. Siyaandiki. Wengine bado tunasalimiana mtaani kwetu Nyakabiga, sitaki maneno.

Kitinda mimba wangu alikuwa anamaliza chuo kikuu. Memuwari yake, kile kitabu cha utafiti cha kumalizia chuo, ilihusu vijirija vya kaboni, vyembamba mno, hata unywele ukisimama kando yake unakuwa shina la mchikichi.

"Sasa mwanangu, kitu kisichoonekana utawaonyeshaje?"

"Mama, we utanifumia."

Mi shule niliacha darasa la pili, lakini sindano ya kroshe naijua. Alitaka mirija miwili ya uzi, mirefu kama mkono, yenye vyumba kama vya nyuki. Mmoja mzima, wa pili umekosa fundo moja katikati, pabaki tundu. Angening'iniza mifuko ya mchanga, wa pili uchanike, juri, wale maprofesa wa kumpima, waone kosa dogo linavyoangusha kitu kigumu. Diploma yake yote ilikuwa kwenye tundu hilo.

Nikafuma. Ule wa pili nikautazama siku mbili. Nyumba yangu haijawahi kutoa kazi yenye tundu, hata wakati wa embargo, nchi ilipofungiwa bidhaa, tulipofumua masweta ya zamani kupata uzi. Nikaliziba.

Mtihani ulikuwa asubuhi, watu wawahi kurudi kabla askari hawajafunga barabara, ilikuwa miaka ya vita. Mchanga ukaning'inizwa. Mirija yote tuli. Akaongeza mchanga. Tuli.

"Mademoiselle, hilo kosa liko wapi?" prof mmoja wa juri akauliza.

Mwanangu akanigeukia. "Mama! Uliziba?"

"Mi nitoe kitu kibovu mbele ya watu wakubwa?"

"Hicho kibovu ndiyo memuwari yangu!"

Juri wakacheka mpaka wakavua miwani. Nikainuka, nikalikata fundo lile kwa meno. Mchanga ukarudishwa. Vyumba vya kando ya tundu vikavutika, uzi mmoja ukakatika, kisha wa jirani yake, mpasuko ukauzunguka mrija, na mchanga puu! juu ya viatu vya prof.

"Kwa nini mpasuko umeanzia hapo?" prof akamuuliza mwanangu.

Akajibu bila kutazama karatasi: fundo likikosekana, mzigo wake wanaubeba majirani, nao ndio wanaochoka kwanza.

Juri wakatoka, wakarudi: amepita. Nikapiga vigelegele hadi askari wa getini akaja mbio na bunduki yake.

Prof, bado anakung'uta kiatu, akamwambia, "Apana kupiga, afande. Mutoto amefaulu."