Mkono Ulioshika Nguo

Nianze kwa kulalamika, kwa sababu ndivyo nilivyo. Mtu akija kwangu kununua bruchi, lile pambo la kubana kifuani, huitazama usoni tu. Ataisifu, ataiinua kwenye mwanga wa dirisha, ataiweka kifuani ajipige picha, kisha aende zake. Hakuna anayeigeuza. Na mimi nimekula miaka ishirini na kitu kwa kazi iliyo upande wa nyuma: ile pini, bawaba inayoishika upande mmoja, na komeo dogo linaloifunga upande wa pili. Uso mzuri hata mwenye haraka anaweza kuuchora. Komeo ndilo linaloamua kama utarudi nyumbani na bruchi yako.

Chumba changu cha kazi kiko mtaa wa Jamhuri, uani, katika kile chumba ambacho wajenzi walikusudia kiwe cha mfanyakazi wa nyumbani. Wateja wangu wengi hutoka Lavington, kwa wenye pesa, na huniletea mapambo ya nyanya zao, wakitaka yafungwe vizuri. Mmoja wao aliangusha bruchi yake kwenye nyasi za nyumbani mara tatu, na mara tatu mtunza bustani akaiokota. Nikaiwekea komeo jipya. Baada ya mwezi alinipigia simu kunishukuru, akaniambia kwamba ni mtunza bustani tu aliyesikitika, maana kila alipoiokota alikuwa akipewa keki.

Aliyenifundisha kazi ni sonara mmoja Mhindi, mzaliwa wa hapa hapa, mwenye karakana katikati ya mji, ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa. Alinipokea nikiwa na miaka ishirini na moja, msichana wa Dagoretti mwenye cheti cha sanaa na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kugusa uso wa kitu chochote. Nilitengeneza pini. Pini ikae juu kidogo ya katikati, la sivyo bruchi itainama mbele kama mtu anayesinzia kanisani. Mdomo wa komeo utazame chini, kwa sababu uzito wa bruchi huvuta chini na nguo huisukuma pini juu. Pini yenyewe isiguswe na moto wa kulehemu, maana ikilegea haina nguvu tena ya kujibana. Bawaba kulia, komeo kushoto, kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia. Alinifokea kila siku, na kila saa saba mchana alinigawia chapati za mke wake. Namshukuru kwa yote mawili, ingawa wakati ule nilishukuru chapati peke yake.

Mwaka juzi mama yangu alipatwa na kiharusi. Mungu alitusaidia, mdomo ulirudi, mguu ukarudi nusu, akaanza kutembea kwa mkongojo. Mkono wa kulia haukurudi. Mama anaishi Dagoretti, kwenye kile kiwanja alichonizalia, na si mtu wa kuonewa huruma. Alijifunza kupika kwa mkono wa kushoto, akajifunza kufunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, akivitukana kwa Kikuyu. Kilichomshinda ni beji ya kanisa.

Ni mwanachama wa chama cha kina mama kwa zaidi ya miaka thelathini. Wao huvaa blauzi nyeupe, kitambaa cha kichwa, na beji ya mviringo kwenye kola, ambayo kwangu mimi ni bruchi kama bruchi nyingine, kwa sababu ina pini nyuma. Bila beji hujavaa. Na mwanachama mgeni anapopokelewa, mama wa chama aliyemlea ndiye humbania beji mbele ya kanisa zima, mgeni akiwa amesimama wima, mikono chini. Mama amewabania wanawake wengi kuliko anavyoweza kuwakumbuka.

Jumapili ya kwanza aliyojaribu kurudi kanisani alihangaika na pini ile hadi ibada ikaanza. Jirani alipotaka kumsaidia, alimsukuma.

"Mimi si mtoto ya nasari," alisema. "Kama nitabandikwa na mtu, wacha nikae nyumbani."

Akakaa. Jumapili hiyo, na iliyofuata, na nyingine nyingi. Kisha akaacha kwenda sokoni. Kisha kuku wakawa wanalishwa na jirani. Nilikuwa nikifika namkuta kwenye kiti kile kile, redio ikihubiri peke yake. Niliogopa, nasema wazi. Niliona kwamba kiharusi kilimwacha hai, lakini kiti kile kingemmaliza.

Basi nikamtega. Kwa miaka mingi alikuwa akinisihi nijiunge na chama, na kwa miaka mingi nilikuwa na visingizio. Mimi ni msichana wake wa pili, nimepewa jina la mama yake mzazi, na ndiyo maana huniita mami. Nikamwambia, "Ukirudi kanisani, najiunga. Na ni wewe utanibania beji."

Akanigeukia. "Umesema?"

"Nimesema."

"Sitaki ile maneno yako ya kesho kesho, mami."

"Nimesema, Mama."

Siku ya kupokea wageni ilikuwa imebaki miezi mitatu. Nikaichukua beji yake, nikarudi nayo Jamhuri, nikaona kazi ni ya jioni mbili. Nilihamisha bawaba kushoto na komeo kulia, ili itumike kwa mkono alionao. Nikaijaribu kwenye blauzi yangu kwa mkono wa kushoto, ikafunga vizuri kabisa. Mama akaijaribu, ikamshinda. Nikatengeneza komeo kubwa zaidi. Likamshinda. Nikaleta beji ya sumaku, isiyo na pini hata kidogo. Akavaa sweta juu yake, akavua, beji ikabaki ndani ya sweta.

"Hii weka kwa friji," akasema.

Hapo nikakasirika. Nilimwambia kwamba mimi mwenyewe naifunga kwa mkono mmoja, kwamba wateja hunilipa kwa kazi kama hii, kwamba anakataa makusudi kwa sababu hataki kutoka nyumbani. Aligeuza uso akatazama redio, nami nikaondoka na maneno yangu. Mpaka leo nikiyakumbuka nasikia aibu.

Kesho yake nilipanda ngazi za karakana ya mjini. Mzee sonara siku hizi hafanyi kazi ya mikono. Vidole vinatetemeka, hukaa tu karibu na dirisha na kuwakosoa wanawe. Nilimweleza kisa chote, na sina hakika kama nilikuwa nimekwenda kuomba msaada au kumshtaki mama yangu.

"Nionyeshe," alisema.

Nikachukua beji kwa mkono wa kushoto, nikaifunga kwenye blauzi yangu pale pale mbele yake. Komeo likaingia.

"Umeona, Mzee? Inafunga."

Akanyoosha kidevu kuelekea kifua changu. "Na ile mkono ingine inafanya nini?"

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeingia kati ya vifungo vya blauzi, vidole viwili vimeinyoosha nguo kwa nyuma ili pini ipate pa kupita. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe, kama ulivyokuwa ukienda kila nilipojaribu kazi yangu, miaka yote hiyo.

"Weka mfukoni," alisema.

Nikautia mfukoni, nikajaribu tena. Nguo ikakimbia. Pini ikateleza, ikakunja kitambaa, ikatoka pale ilipoingilia. Nilijaribu mpaka kola ikapata mashimo, na wanawe wakaacha kazi kunitazama.

"Sasa umekuwa mama yako, beti," alisema. Beti ni binti. Huniita hivyo akinihurumia. Kisha akasema jambo ambalo sikutarajia kulisikia kwake. "Hiyo mkono hata mimi sikukufundisha. Sikuwahi kuiona."

Nilikwenda Dagoretti moja kwa moja. Njiani nilikumbuka nasari. Enzi zile mtoto alikwenda shule na kitambaa cha kamasi kimebanwa kifuani kwa pini, na kila asubuhi mama aliniinamia mlangoni kunibania changu. Mkono wake wa kulia ulisukuma pini. Wa kushoto ulikuwa ndani ya sweta langu, kati ya pini na ngozi yangu. Nilikuwa nikimuuliza, "Imekuchoma?" naye akijibu kila siku, "Haijanichoma." Asubuhi nyingine kitambaa kilikuwa na doa dogo jekundu, nami nilidhani ni rangi yake. Nimetengeneza makomeo nusu ya umri wangu, na sikuwahi hata siku moja kuukumbuka mkono ule.

Nilimkuta uani akianika nguo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, lakini nilisimama kwanza nikamtazama. Alirusha kitambaa cha kichwa juu ya kamba, akatoa pegi mdomoni, akaibana. Kwa mkono mmoja, bila shida yoyote. Pegi ilishika nguo, yeye akashika pegi.

"Nisamehe, Mama," nikasema. "Si wewe uliyeshindwa. Ni mimi sikuelewa."

"Najua," akasema, akachukua kitambaa kingine.

Hiyo ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote, na hakuna atakayeinunua. Nyuma ya beji yake niliweka taya mbili ndogo za fedha, kama pegi, zenye meno mafupi. Unabonyeza kwa kidole gumba, zinafunguka. Unaachia, zinauma ukingo wa kola na kuinyoosha nguo. Kati ya taya kuna mfereji mwembamba, na pini ya chuma cha pua hupita humo tu, haina njia nyingine. Mwisho wa mfereji kuna komeo la kuzungusha kwa kidole gumba hicho hicho, nalo hulia ta! ili mwenye kuvaa ajue limefunga bila kutazama. Taya za kwanza zilikuwa ngumu mno kwa kidole chake. Za pili ziliachia. Za tatu nilizipeleka Jumamosi asubuhi, nikatia mikono yangu yote miwili mfukoni, nikangoja.

Alibonyeza, akaachia, akasukuma. Ta! Akaivuta beji chini kwa nguvu. Akavaa sweta, akavua. Akainama akawamwagia kuku mahindi, mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akainuka, akaigusa kola.

"Sawa," alisema. Kwa mama yangu hiyo ni hotuba.

Alirudi kanisani Jumapili iliyofuata. Walimpigia vigelegele kuanzia mlangoni, naye akawaambia wanyamaze, wataharibu maombi. Nilikaa nyuma nikalia kama mtoto. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mzee wa ghorofani, nikashukuru hata pegi.

Siku ya kupokea wageni tulikuwa saba. Tulisimama mbele kwa mstari, blauzi mpya, mikono chini, kila mmoja na mama yake wa chama mbele yake. Sinia ya beji ikapitishwa. Mama akaweka mkongojo kando, akachukua beji kwa mkono wa kushoto, akaigeuza.

Hapo ndipo nilipouona upande wa nyuma. Pini nyembamba, ndoano ya bati, ya kiwandani, ya mikono miwili. Nilikuwa nimefikiria beji yake kwa miezi mitatu, na sikufikiria yangu hata dakika moja. Fundi mzima wa makomeo.

Aliifungua kwa kidole gumba, akaileta kwenye kola yangu, akasukuma. Nguo ikakimbia. Akajaribu tena. Wenzangu walikuwa wameshabanwa, wimbo ulikuwa umefika ubeti wa mwisho, wakaurudia. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mama mmoja wa kiti cha mbele akainuka kuja kusaidia.

"Kaa chini," mama alimwambia, bila kugeuka.

Nilijua kilichokuwa mbele yetu. Akishindwa hapa, macho ya kanisa zima yakimtazama, atarudi kwenye kile kiti na hatainuka tena. Nami ndiye niliyemleta. Nilitamani kumnyang'anya ile beji, na nilijua kwamba hilo ndilo jambo pekee nisiloruhusiwa kufanya.

Akavuta pumzi. Akaniangalia machoni, si kwa aibu, bali kama mtu mwenye kazi anayemtazama mwenzake wa kazi.

"Mami," alisema polepole. "Shika nguo."

Nikavunja desturi. Nikainua mkono mbele ya watu wote, nikaingiza vidole viwili ndani ya kola yangu, nikainyoosha kwa nyuma kama alivyokuwa akininyooshea mlangoni. Alisukuma. Pini ikapita kwenye nguo, ikaingia kwenye ncha ya kidole changu, ikatoka, ikafika kwenye ndoano. Akaifunga kwa kidole gumba, kisha akaivuta chini kwa nguvu kuona kama imeshika. Ilikuwa imeshika.

"Imekuchoma?" akaniuliza.

"Haijanichoma," nikasema, nikakunja ngumi ili damu isitie doa kwenye blauzi.