Chakula cha Mzazi

Huko Masereka, mwanamke akijifungua, Virginie ndiye aliyeitwa mara tu mkunga akishanawa mikono. Hakujua kuzalisha, alijua kulisha. Alikuja na uji wa mtama na mchuzi wa kuku, akaketi kando ya kitanda mpaka mama amalize bakuli. Kwake yeye, mzazi alikuwa mtu aliyerudi kutoka mbali, na chakula kizuri hungoja mtu arudi.

Ng'ombe wake pia aliwatendea vivyo hivyo. Mimba ikiwa tumboni, waliachiwa nyasi za mlimani na basi. Siku ya kuzaa ndipo walipoletewa ndizi na chumvi. Wala hawakumwangusha hata siku moja. Hakujiuliza sababu. Njia ya mtoni ilipita kwenye ukingo wa udongo mweupe wenye ladha ya chumvi, na ng'ombe walisimama pale kila jioni, wakiulamba mpaka ndimi zao zikachimba mashimo. Mlima ndio uliowalisha wenye mimba. Virginie alidhani ni mkono wake.

Vita ilipofika, yeye na mumewe Gérard walishuka Butembo na ng'ombe mmoja. Wengine walibaki midomoni mwa wenye bunduki. Huyo mmoja, Kitoko, alikuwa jike la nyama, kifua kipana, tayari ana mimba.

"Huyu njo mbegu yetu," Gérard alikuwa akisema. "Akituzalia jike, tutarudia kwetu na kichwa juu."

Kitoko alifungwa nyuma ya turubai walilolala, pembeni mwa mji, akaletewa majani laini ya mvua yaliyokatwa kando ya barabara. Tumbo lilipokuwa kubwa, alianza mambo ya ajabu. Alilamba ukuta. Alitafuna mifupa ya jalalani. Asubuhi moja jirani yao Nadège alikuta pindo la kitenge chake limeishia kinywani mwa ng'ombe.

"Mama Joyeuse!" akapiga kelele kwa jina la binti mkubwa wa Virginie. "Ngombe yako anavaa kuliko miye! Umupeleke basi Misa siku ya Mungu!"

Watu wakacheka. Virginie naye akacheka, akalipa kitenge kwa debe la viazi.

Michée, daktari wa mifugo aliyetumwa na serikali kutoka Kasai, hakucheka. Alileta jiwe zito la madini la kulamba.

"Mama, umuwekee leo. Hapana kungoya azale. Mutoto anamunyonya mifupa tangu ndani ya tumbo, na maziwa ikianza kutoka, atakuwa hana kitu tena. Hii majani ya mvua ni maji tu."

"Aksanti, docta. Nimesikia."

Alisikia kweli. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri, na mvua hula jiwe la chumvi kama mtoto anavyokula sukari. Mbuzi wa mtaa mzima nao walipita hapo. Tena huyu Michée alikuwa kijana, hajaoa, angejua nini cha kumpa mzazi? Virginie akalifunga jiwe kwa nguo, akaliweka chini ya kitanda, likae zima kwa siku ya Kitoko.

Siku hiyo ilifika vizuri. Ndama alitoka bila kuvutwa, akasimama. Dume. Gérard akasema, "Mama yake angali hai. Mwaka ujao atatupa jike."

Virginie akaleta ndizi na maji ya vuguvugu, akalitoa jiwe lake kwa furaha. Kitoko alililamba mara chache, akachoka.

Kesho yake alitembea kama mlevi. Nyama za mabega zilimtetemeka. Jioni alilala, akapindisha shingo na kuweka kichwa ubavuni, masikio baridi. Michée alikuja mbio kwa pikipiki, chupa ya dawa kaikumbatia kwapani ipate joto. Aliiingiza polepole kwenye mshipa wa shingo. Kitoko akajaribu kuinuka, magoti yakafika nusu, akaanguka tena.

"Mama, ile jiwe iko wapi?"

Virginie alilileta. Pembe nne za jiwe zilikuwa bado kali kama siku lilipotoka kwa daktari. Michée alilipitishia kidole, akalirudisha mikononi mwa Virginie taratibu.

"Nilimuchungia," Virginie alisema. "Ni chakula ya muzazi."

"Najua, mama. Ile mifupa alikuwa anatafuna, njo alikuwa anaomba."

Kabla pumzi haijakatika, Gérard aliita wachinjaji. Nyama ilienea mtaani. Nadège alileta sahani iliyopikwa vizuri, akasema, "Kula, Mama Joyeuse, utaanguka na weye." Virginie alishukuru, akawapa watoto wa Nadège mwenyewe.

Ndama aliishi kwa maziwa ya kuomba.

Mpaka hapo walikuwa wamelala miezi yote chini ya turubai, maana Gérard alikataa kabisa kujenga. Mutu hajengi kwa njia, siye tutarudia kwetu, alisema kila alipoulizwa. Wiki ile aliazima jembe, akapima kwa kamba, akaanza kuchimba msingi. Virginie alimtazama kutoka mlango wa turubai, udongo mwekundu ukirundikana. Kisha akachukua karai, akaenda kuubeba.