Tulivyoenda Kinindo Kutafuta Gitare ya Korde Tano

Rafiki yangu, we mwenye nikiwa na neno moyoni nakuambiaka wa kwanza, kaa vizuri nikuelezee kwa barua hii. Unajua tangu vita ianze tunaomba nyumbani, madirisha yamefungwa, tunaimba polepole ili sauti isifike barabarani. Kumbe nyimbo nazo zilishuka. Sasa hata kanisani, mi nikianzisha wimbo naanzia chini kabisa, na wamama wote wananifuata huko huko. Binti yangu Gloriyoze ndiye anapigaka gitare bas, ile ya sauti nene, ya korali yetu ya kanisa, na gitare yake ya korde ine, zile nyuzi za kupiga, ilikuwa inatuacha njiani.

"Mama, mumeenda chini kuliko korde zangu," aliniambia. "Huko mi sina kitu."

Prezida wa korali, Papa Zakayo, akasema mbele ya watu wote: "Pasaka tunaimba uwanjani na korali zote. Kama gitare ya korde tano haijapatikana, Gloriyoze atakaa na wasikilizaji, tutaazima mwanaume mumoja wa Gihosha. Tena korde tano ni muzigo kwa musichana."

Mutoto akainamisha kichwa. Mi nikajibu: "Papa, Mungu akipenda tutaipata." Wamama walikuwa wameshachanga pesa, kila mutu kwa nguvu yake.

Asubuhi, Ngagara, mutaa wetu. Tuliomba, tukafunga mulango, tukashuka kwa miguu mpaka katikati ya muji. Dukani kulikuwa gitare moja nyekundu, inangaa kama sahani mupya. Muuzaji akataja bei. Nikacheka kwa woga. Akanionea huruma: "Mama, nenda Kinindo. Kuko Mukongomani anaitwa Papa Bisimwa, anapigaka kwenye mahoteli. Anauza zake."

Saa sita, Kinindo. We unajua kule: mageti marefu, maua juu ya kuta, magari meupe ya wazungu, kimya utazani vita iko inchi ingine. Papa Bisimwa alikuwa anakaa kanyumba ka nyuma ya villa.

"Karibu mama, karibu dada. Kurenti ya umeme imekatika tangu jana, lakini gitare hazikimbii."

Akatoa mbili, zote za korde tano. Moja nyeusi, nzuri sana. Ingine ya kahawia, imechakaa pale mukono unalalaka, kama muchi wa kutwangia. Macho ya Gloriyoze yakabaki kwa ile nyeusi.

"Hii inatumia pili ndani, betri," Papa Bisimwa akasema. "Inatoa sauti kubwa!"

"Na pili ikiisha katikati ya wimbo?"

"Inanyamaza."

"Na siku hizi pili nzuri tunazitoa wapi?"

Akacheka. "Mama, we si mununuzi, we ni juji, hakimu kabisa!"

Nikauliza tutasikia aje bila kurenti. Akashika ile ya kahawia, akagusisha kichwa cha gitare kwa mulango wa kabati. "Piga, dada." Gloriyoze akapiga korde ya tano, ile munene. Rafiki, kabati lote likaitika! Nilisikia mupaka kwa nyayo. Wakajaribu nyeusi: korde ya tano ikalegea, inatetemeka kama kamba yenye nguo za maji.

Lakini mutoto bado alikuwa anapenda nyeusi. Nikaona alikuwa anapiga akikaa. Nikamwambia: "Simama. Korali haiimbake imekaa." Mukanda wa kuvalia gitare haukuwa. Nikavua kitenge changu cha juu, nikamufunga ile nyeusi vile tunafungaka mutoto. "Imba wimbo wote, na ucheze."

Hata ubeti wa pili haujaisha, kichwa cha gitare kilikuwa kinaangukia chini, mukono wake wa kushoto unakiinua.

"We, unaipiga ao unaibeba?"

Akacheka mwenyewe. "Ninaibeba, mama."

Tukafunga ya kahawia. Ikatulia kwa kifua. Shingo ya gitare haikuwa pana, vidole vilifika kila korde. Akaimba wimbo wote, akaongeza mwingine.

Papa Bisimwa alitaka bei ya juu kuliko mufuko wetu. Nikamuonyesha mufuko. Akamuangalia Gloriyoze, vile hakutaka kuivua. "Chukueni. Lakini Pasaka nitakuja kusikia. Akipiga vibaya, narudi nayo Kinindo!"

Njiani kurudi. Kwa kuogopa vumbi, niliifunga yote ndani ya kitenge, Gloriyoze akaiweka begani. Sikufikiri kitu kirefu kilichofunikwa kinafanana na nini miaka hii. Kwa baryeri, pale wanafungaka njia, askari akapaza sauti: "Simama! Weka chini! Fungua!"

Tukaiweka chini, midomo yangu inaomba. Nikafungua.

"Gitare? Na kwa nini korde tano? Mi najua ine."

"Ni kwa sababu mama anaimbaka chini sana," Gloriyoze akasema.

"Unanidanganya. Niimbie, mama."

Pale palikuwa pipa tupu la kufunga njia. Gloriyoze akagusisha kichwa cha gitare kwa pipa, akaniangalia. Nikaanzisha, chini kule kwetu. Na safari hii sikubaki peke yangu: pipa likanguruma, korde ya tano ikanishika kwa chini kama mukono chini ya kikwapa. Wenzake wakaja, mumoja akavua kofia.

"Pita, mama," askari akasema. "Na kitenge vaa, usifunike tena kitu hivi."

Pasaka, uwanjani. Grupu, ile mashini ya umeme, ikawashwa, ampli ya kupazia sauti ikawaka. Nikaanzisha kwa chini, na watu walisikia ardhi inajibu. Wamama wa mitaa yote, hata wale hatukuwa tumeonana tangu wakimbie, walishuka na sisi, halafu tukapanda pamoja. Papa Bisimwa alikuwa anaruka kwa mustari wa mbele. Na Papa Zakayo, kwisha kuimba, akapokea gitare ya mutoto kwa mikono miwili: "Gloriyoze, nipe nikubebee." Haleluya!

Nilichojifunza ni hiki: chombo cha kupiga umesimama, usikichague umekaa; na Mungu anatushikaka hata pale sauti imefikia chini.

Barua hii usiilaze chini ya godoro, rafiki. Musomee mama mwingine mwenye binti anayeambiwa akae na wasikilizaji, na yeye asomee mwenzake.